Wasomaji Wanauliza: Vihisi vya Mwendo na Tiba ya Viungo

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba mgonjwa aliyepata kiharusi au kuvunjika mguu hupona zaidi kwa yale anayoyafanya nyumbani kuliko kwa yale anayofanyiwa kliniki. Wasomaji kadhaa wa Mwanza na visiwani wameuliza kama vifaa vidogo vinavyovaliwa mwilini ili kupima mwendo vinaweza kumwonyesha mtaalamu yale ya nyumbani, na wataalamu wenyewe wanavichukuliaje. Mtaalamu wetu wa fiziotherapia anajibu.

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Baba yetu alipata kiharusi mwaka jana na upande wake wa kushoto umedhoofu. Kaka yetu anayefanya kazi Marekani amemtumia mkanda wa mkononi unaohesabu hatua na kupeleka hesabu hiyo kwenye simu. Tulipoupeleka kliniki, mtaalamu wa mazoezi aliutazama, akatushukuru, kisha akaendelea na kazi yake kama kawaida. Tulisononeka. Je, wataalamu wetu hawavifahamu vifaa hivi, au wanaona havina maana? *Binti wa mgonjwa, Kirumba.*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kuuguza. Naelewa kwa nini mlisononeka, maana kifaa kilichotoka mbali kwa upendo wa ndugu kinastahili kusikilizwa, na ningependa mwenzangu angetumia dakika tano kuwaeleza alichokuwa akikifikiria. Nadhani nakijua, kwa sababu wengi wetu katika kazi hii tunafikiri hivyo hivyo.

Ndani ya mkanda huo mna kihisi kinachoitwa akselerometa, ambacho hupima mchapuko, yaani jinsi kasi ya kitu inavyobadilika. Vifaa vingi huongeza jairoskopu, inayopima mzunguko wa kiungo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoiona hatua yenyewe. Programu ya kifaa hutafuta mtikisiko unaojirudia kwa mpangilio unaofanana na wa mtu anayetembea, ikaukadiria kuwa hatua. Kwa mtu mzima mwenye afya ukadiriaji huo ni mzuri. Kwa mtu anayetembea polepole, anayeburuta mguu mmoja, au anayeshikilia fremu ya kutembelea kwa mikono miwili, mtikisiko unaofika kwenye kifundo cha mkono ni mdogo mno, na kifaa huacha kuhesabu hatua nyingi alizozipiga kwa jasho. Baba anaweza kuzunguka ua mzima akaambiwa kwamba hakufanya kitu. Mtaalamu aliyewahi kuliona jambo hilo hawezi kuichukua namba ya mkanda na kuiandika kwenye faili bila kwanza kuipima.

Kuipima ni rahisi. Baba atembee kwa msaada aliouzoea, na mmoja wenu ahesabu hatua zake kwa macho hadi zifike 100, kisha mlinganishe na kifaa. Ikiwa kifaa kimeonyesha 90 na zaidi, kinafaa kwa kazi ya nyumbani. Kikionyesha 40, kivalisheni kwenye kifundo cha mguu, karibu na kisigino, mrudie. Kwa watembeao polepole, kihisi cha mguuni mara nyingi husoma vizuri zaidi kuliko cha mkononi. Angalieni tu kwamba mkanda haubani, kwa kuwa upande uliodhoofu unaweza kuwa umepoteza hisia, na ngozi ikachubuka bila yeye kujua.

Mkishajua kwamba namba inaaminika, rudini kwa mtaalamu na rekodi ya wiki mbili iliyoandikwa kwenye daftari, siku kwa siku, pamoja na maelezo mafupi: siku hii kulinyesha, siku hii goti liliuma, siku hii alikwenda msikitini au kanisani. Mtaalamu hana muda wa kuchambua michoro ya rangi kwenye simu ya kila mgonjwa, lakini ukurasa mmoja wa daftari ataupokea kwa mikono miwili, kwa sababu utamwambia kitu ambacho hawezi kukiona akiwa kliniki.

Kuna namba nyingine ambayo wataalamu tunaithamini zaidi ya hesabu ya hatua, nayo ni kasi ya kutembea. Pimeni mita 10 kwenye sakafu iliyo sawa, mpeni nafasi ya kuanza kutembea kabla ya alama ya kwanza, na mpime sekunde kwa simu. Mwaka 1995 Jacquelin Perry na wenzake, huko California, walionyesha kwamba mgonjwa wa kiharusi anayetembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde mara nyingi huishia ndani ya nyumba, na anayezidi mita 0.8 kwa sekunde huweza kwenda huku na huko mtaani. Kwa mita 10, hiyo ni sawa na zaidi ya sekunde 25 kwa wa kwanza na chini ya sekunde 12 na nusu kwa wa pili. Vipimo hivyo vilitokana na mitaa ya Marekani. Kwa mtu wa Kirumba anayetaka kufika sokoni ni mwongozo mzuri, lakini kwa mtu aliyejenga juu ya mawe ya Mabatini au Igogo, ambako njia ni ngazi na miinuko, kasi ya sakafuni haitoshi, na ni lazima mtaalamu amwone akipanda.

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia huku Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, wagonjwa wetu wanavuka kwenda Mwanza kwa urahisi, lakini wengi bado tunawaona mara moja tu kwa mwezi. Kuna wafadhili wanaotaka kutuletea vihisi vya kuvaliwa kwa ajili ya kitengo chetu, na mkuu wa hospitali ameniomba maoni. Wenzetu wanaovitumia wanasemaje? Nivikubali? *Mtaalamu mwenzako, Sengerema.*

JIBU: Mwenzangu, swali lako nitalijibu kwa kirefu kuliko mengine, kwa kuwa maamuzi ya aina hii yakifanywa haraka huishia na masanduku yaliyofungwa kwenye kona ya ofisi.

Katika nchi ambako wataalamu wa utengamao, yaani wa kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili, wamehojiwa na watafiti kuhusu vifaa hivi, maoni yao yanafanana kwa kiasi kikubwa. Wanavitaka kwa sababu moja kuu: tunachokiona kliniki ni uwezo wa mgonjwa, wala si maisha yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 kuhusu utendaji wa mwili na ulemavu uliyatenganisha mambo hayo mawili, yaani kile ambacho mtu anaweza kukifanya akiombwa, na kile anachokifanya kweli mahali anapoishi. Watafiti wa St. Louis nchini Marekani, waliowavalisha wagonjwa wa kiharusi vihisi kwenye mikono yote miwili, wamekuta kwamba mtu anaweza kupata alama nzuri zaidi kliniki huku mkono wake uliodhoofu ukiendelea kukaa bila kazi nyumbani. Watu wasio na ugonjwa hutumia mikono yao miwili kwa muda unaokaribia kulingana katika siku nzima, hata wale tunaowaita wa mkono wa kulia. Tofauti kubwa kati ya mikono hiyo ni habari ambayo hakuna mgonjwa anayeweza kukusimulia kwa usahihi, hata awe mkweli kiasi gani.

Fikiria mvuvi aliyeteguka bega. Mbele yako ananyanyua mkono hadi nyuzi 120 kwenye goniometa, kile kipimo chetu cha pembe ya kiungo, nawe unaandika kwamba anaendelea vizuri. Akirudi mwaloni, kamba ya wavu anaivuta kwa mkono mwingine kwa sababu anaogopa maumivu. Vihisi viwili, kimoja kila mkono, vingekuonyesha hofu hiyo ndani ya siku tatu, na matibabu yangebadilika: badala ya kuongeza mazoezi ya kunyanyua, ungemfundisha kuvuta kamba nyepesi mbele yako hadi aamini bega lake tena. Hapo kifaa kimefanya kazi, kwa sababu kimebadili uamuzi wa mtaalamu.

Wataalamu hao hao wanataja pia kinachowakwamisha, na malalamiko yao hayatokani na woga wa teknolojia. La kwanza ni muda. Mgonjwa ana dakika 30, na kufunga mikanda, kuunganisha kifaa na simu, kusubiri, kusahihisha na kufungua tena kunaweza kuzila dakika 10. Muda huo unatolewa kwenye mazoezi, ambayo tayari ni machache mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika vituo vya Marekani na Kanada, ulikuta kwamba katika vipindi ambavyo mkono ulifundishwa kazi za kila siku, mgonjwa alirudia kitendo kwa wastani mara 32 tu. Ukipunguza hapo ili upate mchoro mzuri wa kompyuta, umemdhulumu mgonjwa.

La pili ni ubora wa mwendo. Kihisi cha kifundo cha mkono kinajua kwamba mkono umepanda. Hakijui kama umepandishwa na bega au na kiwiliwili kilichoegemea upande, na sisi tunajua jinsi wagonjwa wetu wanavyojifunza haraka kuegemea. Ukiongeza kihisi cha pili kifuani utaanza kuitambua hila hiyo, ila umeongeza pia mkanda wa kufunga na betri ya kuchaji. Kwa sababu hiyo, mtu akikuambia kwamba kifaa kitachukua nafasi ya macho na mikono yako, mwambie kwa heshima kwamba hajawahi kumshika mgonjwa begani.

La tatu ni usahihi wa nyuzi za kiungo. Pembe huhesabiwa kwa kujumlisha mizunguko midogo ambayo jairoskopu imeipima, na kila kosa dogo hujumlishwa pia, hivyo kadiri muda unavyokwenda jibu huhama. Vifaa vizuri hujisahihisha kwa kutumia mvutano wa dunia, na vingine hutumia magnetometa inayosoma uelekeo wa kaskazini, lakini magnetometa huvurugwa na chuma kilicho karibu. Katika vyumba vyetu vilivyojaa vitanda vya chuma na vyuma vya kushikilia wakati wa kutembea, jambo hilo halipaswi kupuuzwa. Omba kifaa kimoja cha majaribio, mweke mtu mwenye afya kitandani pako, mkunje goti hadi nyuzi 90 kwa goniometa, ukisome kifaa mara tatu kwa nyakati tofauti. Wafadhili wakikataa jaribio hilo, umekwisha kupata jibu lako.

Lililobaki ndilo zito kuliko yote, na mara nyingi halitajwi kwenye mikutano: nani atasoma? Kifaa kikipeleka habari saa mbili usiku kwamba mgonjwa hajatembea tangu juzi, nani ana wajibu wa kumpigia simu? Ikiwa hakuna aliyepangiwa, na baadaye mgonjwa akakutwa na damu iliyoganda mguuni, familia itauliza kwa haki kwa nini hospitali ilipewa taarifa ikanyamaza. Wataalamu wengi wanaosita kukubali vihisi wanasita hapo, nami nawaunga mkono. Kitengo kisipokee taarifa ambazo hakijapanga kuzifanyia kazi.

Basi ushauri wangu ni huu. Vikubali, lakini kwa masharti unayoyaandika wewe. Anza na aina moja ya wagonjwa, kwa mfano wa kiharusi wanaorudi nyumbani, na swali moja, kwa mfano kama mkono uliodhoofu unatumika. Wavae siku tatu kabla ya tarehe ya kliniki, kifaa kisomwe siku ya kliniki mgonjwa akiwepo, na kabla hajaondoka iandikwe kwenye faili namba moja pamoja na mnachokwenda kukibadilisha. Dai mikanda inayofungika kwa mkono mmoja, kwa sababu mgonjwa wako ndiye aliyepoteza wa pili. Dai mikanda inayooshwa na kupanguswa kwa dawa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Dai pia kifaa kinachohifadhi kumbukumbu ndani yake bila intaneti na kinachokaa na chaji siku zote tatu, maana umeme na bando havipatikani sawa katika kila kijiji cha Sengerema. Uliza kama vifaa vimepitia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na uliza nani atalipia leseni ya programu mwaka wa pili, wafadhili watakapokuwa wameondoka. Swali hilo la leseni liulize mapema na lijibiwe kwa maandishi.

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda, Buhongwa. Nilivunjika mfupa wa muundi, nikawekewa chuma ndani. Daktari amesema nikanyagie mguu kwa nusu ya uzito tu kwa sasa. Kuna programu ya simu inayodai kupima mwendo. Inaweza kuniambia nikizidisha? *Dereva, Buhongwa.*

JIBU: Pole sana, kaka. Hapana, haiwezi. Kihisi cha mwendo hupima jinsi mguu unavyosogea, hakipimi uzito unaoushukia. Vipo vifaa vingine vinavyowekwa ndani ya kiatu na kupima mgandamizo wa unyayo, navyo ni vya gharama kubwa. Wewe tafuta mizani ya kawaida ya kusimamia. Simama na magongo yako, mguu mzima ukiwa juu ya kitu chenye kimo sawa na mizani na mguu wenye jeraha ukiwa juu ya mizani yenyewe, ukandamize taratibu hadi isome nusu ya uzito wako. Rudia asubuhi na jioni hadi mwili uizoee hisia hiyo. Ukumbuke kwamba ukiwa kwenye mwendo ni rahisi kuzidisha kuliko ukiwa umesimama, kwa hiyo piga hatua fupi na usiyaache magongo hata kama maumivu yamekwisha. Pikipiki isubiri ruhusa ya daktari.

SWALI: Nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki wilayani Ilemela. Niliumia mgongo nikapewa mapumziko. Hospitali ilinivalisha kihisi kiunoni kwa wiki moja ili kuangalia jinsi ninavyoinama na kukaa. Sasa mwajiri anataka aletewe taarifa zote za kifaa kabla sijarudi kazini, na naogopa wataona kwamba siku mbili nilitembea sana kwa sababu ya msiba. Nina haki gani? *Mfanyakazi, Ilemela.*

JIBU: Pole kwa msiba na kwa maumivu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kwa kawaida kuzitumia au kuzipeleka kwa mtu mwingine kunahitaji ridhaa yako ya maandishi. Ulikubali zikusanywe kwa ajili ya matibabu. Kumpa mwajiri ni jambo jingine linalohitaji ridhaa nyingine, nawe unaweza kuikataa. Ukiona zimetolewa bila idhini yako, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Kitaalamu pia, ombi la mwajiri haliwezi kumsaidia. Kihisi cha kiunoni kinaonyesha kwamba ulitembea, hakionyeshi ulikuwa na maumivu kiasi gani wala kama ungeweza kunyanyua kreti la samaki mara mia kwa zamu moja. Zaidi ya hayo, kutembea ni tiba ya mgongo tunayoiagiza sisi wenyewe, na sioni kwa nini mtu akuhukumu kwa kwenda kuzika. Mwajiri anachohitaji ni barua ya daktari inayoeleza kazi unazoweza kuzifanya, uzito unaoruhusiwa kunyanyua, na lini utapimwa tena. Mwombe mtaalamu wako aiandike hivyo, na namba za kifaa zibaki kwenye faili lako.

Nawaomba wenzangu nao walichukue hili kwa uzito. Mgonjwa akihisi kwamba kihisi ni mpelelezi, atakivua na kukiweka kabatini, au atakitikisa mkononi ili hatua ziongezeke, na sisi tutakuwa tumepoteza taarifa pamoja na imani yake. Kabla ya kumfungia mkanda, tumweleze kwa lugha yake kifaa kinarekodi nini, hakirekodi nini, na nani atakayesoma.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama mkwe wangu anaishi Ukerewe, nje kidogo ya Nansio. Alipata kiharusi, na kila kliniki ya Mwanza inamaanisha meli, malazi na mtu wa kumsindikiza. Je, akivalishwa vihisi, mtaalamu anaweza kumfuatilia kutoka Mwanza ili asisafiri tena? *Mkwe, Ukerewe.*

JIBU: Marahaba. Kusafiri mara chache zaidi, ndiyo. Kutosafiri kabisa, hapana, na sitaki mtu yeyote awaahidi hivyo.

Kinachoweza kufuatiliwa kwa mbali ni wingi: anatembea kiasi gani, anakaa muda gani bila kusimama, mkono dhaifu unatumika kwa sehemu gani ya siku. Kisichoweza kufuatiliwa ni ugumu wa misuli unaoanza kukaza mkono, bega lililoshuka kutoka mahali pake, ngozi ya kisigino, na huzuni inayowapata wengi baada ya kiharusi. Hayo yanahitaji mkono wa mtaalamu na macho ya mtu aliye karibu.

Mpango ambao wataalamu wengi wangeuafiki ni wa kuchanganya. Mama aonwe Mwanza kwa vipimo kamili, apewe mazoezi matatu au manne tu, si karatasi yenye kumi na tano. Nyumbani awepo mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye msimamizi, awe wewe au mjukuu. Kila wiki mpigiane na mtaalamu simu ya video kwa saa mliyokubaliana, Mama akiwa amesimama mahali penye mwanga, mwili mzima uonekane, na umtajie namba za wiki hiyo. Mtandao ukisumbua, rekodi video ya dakika moja akiwa anainuka kitini na kutembea, uitume usiku. Ikiwa hamna kihisi, saa ya simu na daftari vinatosha kuanza: hesabu mara ngapi anaweza kuinuka kitini bila kutumia mikono ndani ya sekunde 30, kila Jumatatu, kiti kile kile, na mtu asimame karibu naye asije akaanguka.

Kabla ya kuondoka Mwanza, kubalianeni na mtaalamu ni mabadiliko gani yatakayomfanya arudi mapema, na yaandikwe. Kwangu mimi yangekuwa haya: akianguka hata mara moja, hesabu ya kuinuka kitini ikishuka kwa wiki mbili mfululizo, vidole vya mkono dhaifu vikianza kujikunja visifunguke, au akiacha mazoezi na kukataa chakula. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, mpelekeni hospitali ya wilaya pale Nansio siku hiyo hiyo. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea ghafla au maneno yakimtoka bila mpangilio, mpelekeni saa hiyo hiyo, hata kama kifaa kinaonyesha kwamba ametembea vizuri.